Mwanangu aliamini baba yake anakaa kwenye spika ya gari la matangazo

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Leo nimekuja na la kwangu mwenyewe, siyo la "rafiki yangu mmoja". Yote nitakayoandika yametokea, na mama yangu mzazi ni shahidi, ingawa yeye akisimulia huwa anaongeza chumvi.

Mimi ni mtangazaji.

Kabla hamjauliza redio gani, ni mtangazaji wa gari. Kile kigari chenye spika mbili za tarumbeta juu ya bodi, kinachopita kijijini kwenu wakati usingizi ndiyo umenoga. Mle ndani nipo mimi na maiki, na dereva wetu Deo. Wale mnaonisonya alfajiri, misonyo huwa inafika.

Kazi zetu ziko Ngara, mara mojamoja tunavuka hadi upande wa Biharamulo. Tunatangaza mbegu, chanjo ya kuku, mechi, mikutano ya kijiji. Tunatangaza pia vilivyopotea na vilivyopatikana, hiyo tunafanya kwa kujitolea tu. "Tangazo, tangazo, tangazo! Amepatikana mbuzi jike, mweusi, ana kamba shingoni. Mwenye mali afike ofisi ya kijiji." Hilo hata ukiniamsha usingizini nalitoa bila kukosea.

Nyumbani ni Bukiriro. Mke wangu ni mwalimu, anatoka asubuhi anarudi saa kumi jioni. Tuna binti mmoja, Keza, ana miaka mitatu na nusu. Mchana anashinda na mama yangu.

Sasa sikilizeni ratiba yangu.

Watu wa huku wanawahi shamba, kwa hiyo tangazo lazima liwakute kabla hawajabeba jembe. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, Keza amelala. Jioni tunazunguka kwenye vituo vya maduka ambako watu wamekusanyika. Narudi Keza amelala.

Mtasema Jumapili je? Wakuu, Jumapili ndiyo siku yenyewe. Watu wanatoka misa wamejaa uwanjani, wamevaa vizuri, hawana haraka. Hakuna bosi wa matangazo anayeiacha nafasi hiyo.

Siku yangu ya kupumzika ilikuwa ni mvua tu. Ikinyesha spika hazisikiki na gari halipandi mlima. Wenzangu walikuwa wanaomba mvua kwa ajili ya maharage, mimi nilikuwa naomba kwa ajili yangu. Na siku hizo nilikuwa nafanya nini? Nalala fofofo. Hapo nakiri kosa.

Siku moja mke wangu akaniambia, wala hakuwa na hasira, "Baba Keza, mtoto ameniuliza baba anakaa wapi."

Nilicheka. Halafu nikakosa usingizi.

Kesho yake nikapata wazo ambalo niliona ni la kisomi kabisa. Barabara yetu inapita kwenye mgongo wa kilima, mkabala na nyumbani, bonde likiwa katikati. Huwa tunapita pale kama saa nne asubuhi, muda ambao mama anahangaika na Keza na kikombe cha uji. Mtoto wangu na uji walikuwa maadui wakubwa.

Basi tulipofika pale nikamalizia tangazo la mbegu, nikavuta pumzi, nikasema, "Na Keza wa Bukiriro, baba yako anakusalimia sana. Maliza uji wako."

Deo aligeuka akaniangalia kama nimepandwa na wazimu.

Usiku niliporudi mama akaniambia mtoto aliruka, akashika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka akageuza kikombe kuonyesha barabara kwamba kimeisha. Mama alisema hajawahi kuona jambo kama lile tangu azae.

Nikaona hapa nimepatia. Ikawa kila siku. Keza nawa mikono. Keza usimfukuze kuku wa watu. Keza msikilize bibi yako.

Kumbukeni kwenye bonde lile hasikilizi Keza peke yake. Baada ya wiki mbili nikawa siwezi kushuka kwenye gari bila kuulizwa, kwa lafudhi yetu ya huku, "Keza amemariza uji?" Wanauliza wazee, wanauliza bodaboda. Mama mmoja wa Ntobeye alisimamisha gari katikati ya barabara, ana mzigo wa ndizi kichwani, akaniambia, "Baba Keza, na mimi nisaidie. Mwambie Rivo wangu aache kurara na viatu."

Nikatangaza. Rivo akaacha.

Nikavimba kichwa, wakuu. Nilijiona nimetatua tatizo lililowashinda wazazi wote wenye kazi. Nafanya kazi, nalea, kwa maiki moja.

Jumatano moja bosi akaniita.

"Mteja amelipia mbegu ya mahindi," akasema, "anasikia uji. Wewe nimekuajiri utangaze au ulee mtoto kwa spika zangu?"

Akaendelea kwamba ana kazi ya mwezi mzima upande wa Biharamulo, kuanzia Nyamigogo na kata za jirani, tutalala hukohuko. Nikiifanya vizuri, nikirudi ananipa usimamizi wa gari la pili. "Na kule hakuna Keza," akamalizia. Jibu alitaka Jumamosi, kwenye gulio.

To be honest, moyoni nilishakubali. Gari la pili si mchezo. Na Keza si ameshazoea kuniona mara chache? Mwezi mmoja utampunguzia nini? Hivyo ndivyo nilivyojidanganya njia nzima.

Alhamisi ikanyesha. Mvua ya kweli, ya kuanzia alfajiri. Nikabaki nyumbani, na safari hii sikulala, nikasema ngoja nikae na binti yangu kabla sijaondoka.

Saa nne ikafika. Mama akaleta uji. Keza akaweka kikombe kando, akaangalia mlangoni, barabarani kule ng'ambo.

"Keza, kunywa uji," nikamwambia.

Akaniangalia kwa adabu. "Shikamoo," akasema. Kisha akarudi kuangalia barabara.

"Keza, maliza uji wako."

"Baba atasema," akanijibu.

"Mimi ndiye baba."

Mama akaingilia, "Ego, ndiyo mjukuu wangu, huyu ndiye baba yako."

Keza akatikisa kichwa kama mtu anayemsahihisha mtoto. "Hapana, Bibi. Baba yuko kwenye spika. Huyu anarara hapa tu."

Mama yangu alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Ila kilichofuata hakikunichekesha.

Niliingia stoo nikatoa faneli ya kumiminia mafuta ya taa, nikazunguka nyuma ya nyumba kwenye migomba, nikaiweka mdomoni nikapaza sauti ya kazi. "Tangazo, tangazo, tangazo! Keza wa Bukiriro, maliza uji wako!"

Nikasikia miguu midogo inakimbia. Nikajua amekuja. Nikajitokeza na faneli yangu mkononi, nimelowa chapachapa, natabasamu.

Mtoto alinipita. Alikwenda mpaka mwisho wa uwanja, akasimama kwenye matope, anatafuta gari ng'ambo ya bonde. Alisimama pale na mvua inamnyeshea, mkono ameuinua tayari kupunga.

Wakuu, niliumia. Sitaki kuremba. Nilikuwa hatua tatu nyuma ya mwanangu na alikuwa ananisubiri mimi, na mimi nilikuwa siyo mtu anayemsubiri. Nilimbeba nikamrudisha ndani, akalia kwamba gari litapita hajaliona.

Mke wangu aliporudi nikamsimulia. Alinisikiliza, akasema sentensi moja tu. "Basi mpeleke akaone sauti inatoka wapi."

Jumamosi tukaenda gulioni wote watatu. Deo alishaegesha gari jirani na akina mama wa ndizi na parachichi. Mke wangu akakaa kiti cha mbele na Keza mapajani, mimi nikainama dirishani na maiki, uso wangu na wa mtoto zikawa karibu kabisa.

"Tangazo, tangazo, tangazo! Wananchi wa..."

Keza akashtuka. Akaangalia juu kwenye bodi, sauti inakotokea. Akaangalia mdomo wangu. Akaangalia juu tena.

Halafu akanyoosha mkono akaniziba mdomo.

Spika zikanyamaza. Gulio zima likanyamaza kidogo, maana watu walidhani betri imekufa.

Akatoa mkono. "...mbegu bora za mahindi..." Akaziba. Kimya. Akatoa. "...zimefika katika duka..." Akaziba. Akina mama wa ndizi wakawa hawana mbavu. Mmoja akapiga kelele, "Mtangazaji amepata mkubwa wake!"

Keza hakucheka. Alikuwa kazini. Akarudia kama mara nne, halafu akaacha mkono wake shavuni kwangu, akaniuliza taratibu, "Baba, uko humu?"

"Niko humu, mama."

"Siku zote?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akaishika maiki. Deo aliponyoosha mkono kuizima nikamzuia. Mtoto wangu kakua akisikia matangazo kuliko hadithi, anajua yanavyoanza. Akaiweka karibu na mdomo kama mtu mzima.

"Tangazo, tangazo, tangazo. Amepatikana baba."

Akapumua. Pumzi yenyewe ikasikika mpaka mwisho wa gulio.

"Mwenye mali ni mimi."

Watu walicheka, wakapiga vigelegele. Mke wangu aligeukia upande wa pili. Mimi nikaenda nyuma ya gari nikajifanya naangalia waya wa betri. Nililia wakuu, mwanaume mzima mwenye ndevu, nimeshika waya usio na tatizo lolote.

Bosi alinikuta palepale. Alikuwa gulioni tangu asubuhi, alisikia yote. Nikajua leo kazi sina.

Akasema, "Wanangu wote ni watu wazima sasa. Hata sijui walikuwa wanakunywa uji saa ngapi."

Nikamwambia Nyamigogo siendi. Akaguna. Akasema gari la pili basi atapewa mwingine, nikasema sawa. Iliniuma, nisiwadanganye, na aliyepewa kila tukikutana ananipigia honi kwa makusudi.

Sasa niwape ukweli ambao sikuwahi kumwambia mtu. Ile amplifaya yetu ina sehemu ya kuchomeka flash. Imekuwepo tangu siku ya kwanza. Ningeweza kurekodi tangazo jioni, Deo akazunguka nalo asubuhi, mimi nikabaki nyumbani mpaka saa tano. Bosi hakuwahi kukataa. Ni mimi nilikuwa nasema flash haina uhai, watu wanataka live, nikimwona fulani barabarani nimtaje jina acheke. Nilipenda kujulikana. Kijiji kizima kilinifahamu, na nikaisingizia kazi.

Nikamweleza bosi hapohapo. Tukakubaliana siku tatu kwa wiki asubuhi ni za flash, na salamu za uji zisisikike tena kwenye pesa ya mteja.

Jumatatu yake nikakaa uwanjani na Keza. Vikombe viwili. Saa nne ikafika, na ng'ambo ya bonde nikasikia sauti yangu mwenyewe inakuja. "Tangazo, tangazo, tangazo!"

Keza akakaza macho barabarani. Akanigeukia. Akaniziba mdomo haraka.

Sauti ikaendelea.

Nikasema nimeharibu kila kitu, sasa hivi ataondoa mkono, atakimbia mwisho wa uwanja, na mimi nitarudi kuwa yule anayelala hapa tu.

Akalisindikiza gari kwa macho mpaka likapotea kwenye kona. Akafikiri. Kisha akatoa mkono mdomoni kwangu.

"Huyo mwache aende kazini," akaniambia. Akanisogezea kikombe. "Wewe maliza uji."

Nilichojifunza ni kidogo tu. Nilikuwa namtumia mtoto sauti nikidhani nimemtumia baba. Na kabla ya kuilaumu ratiba, mzazi mwenzangu, angalia vizuri kama hakuna sehemu ya flash ambayo hujataka kuiona.

Wenye kazi za zamu, madereva wa malori, manesi, walimu mnaofundisha mbali na familia, ninyi mnafanyaje? Andikeni, wa kunicheka anicheke pia. Nitawajibu mchana. Asubuhi hii simu naiweka chini, maana nimeshatangaziwa mara mbili na uji wangu unapoa.