Mkwe wa Upplands Väsby

Mwanangu ni rapa, na fundi wake wa Kiswahili ni mimi. Watu wakisikia hivyo hucheka, kwa sababu wananijua kama mwalimu mkali anayezunguka shule za vitongoji vya huku ughaibuni na begi lake, leo Jordbro, kesho Fittja, akiwafundisha watoto wa Kitanzania, wa Kikenya, wa Kikongo na wa Kirundi lugha ya kwao. Nawauliza kwa Kiswahili, wananijibu kwa Kiswidi, na maisha yanasonga. Jioni mwanangu akirudi kutoka ghalani, anakoendesha mashine ya kunyanyulia mizigo, huniwekea mistari yake mezani nimkagulie vina. Enzi zetu Tanga tuliuita muziki wa kufokafoka, na wazee walisema ni wazimu wa kupita. Haukupita, na mimi nimezaa mfokaji.

Anaimba na mwenzake mmoja, kijana aliyekua naye jengo moja hapa Fittja, wakaanguka baiskeli moja na kupata makovu yanayofanana. Mama wa kijana huyo ni wa Mombasa, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Mimi niliachana na baba wa mwanangu zamani, yeye ni mjane, kwa hiyo hao vijana wawili tumewalea kwa sufuria mbili na mdomo mmoja. Aliyekuwa karibu ndiye aliyegomba.

Walikuwa na nyimbo mbili zilizopendwa. Wa kwanza ulikuwa wa kujigamba, maana hip-hop bila majigambo haiivi. Ndani yake mlikuwa na mistari hii: "Mnajidai kuogelea, kumbe mnaoga, tukipanda jukwaani mnatetemeka, ma..." Hapo rafiki wa mwanangu, ambaye ubeti huo ulikuwa wake, hunyamaza akawaelekezea watu maikrofoni, nao humalizia kwa kishindo: mashoga. Ndiyo desturi yao, neno la mwisho huachiwa wasikilizaji. Mimi nilimwambia hicho ni kina cha mvivu na tusi la mvivu zaidi. Akanijibu, "Anti, hip-hop ndivyo ilivyo." Nikasonya, nikaendelea kumenya viazi.

Wimbo wa pili ulikuwa wa mwanangu, na huo ndio uliopigwa kwenye kila harusi ya Waswahili kuanzia kwetu mpaka Jordbro. "Ananisubiri kituoni, mikono mfukoni, treni ikichelewa hanuni, ananicheka machoni." Kituo chenyewe kimetajwa, Upplands Väsby, kule kaskazini. Basi rafiki yangu akaanza kazi. Akisikia tu huo wimbo ananipiga kiwiko: mkwe wa Väsby huyo. Akasema lazima ni Mrundi, kwa sababu Warundi wana subira. Akasema pia ni mwembamba, hilo sijui alilitoa wapi. Mwishowe akanunua leso mpya, doti nzima ya rangi ya zambarau, akaiweka kabatini kungoja siku ya kuletewa huyo binti. Mimi nilikuwa namcheka, lakini na mimi nilianza kumpenda binti huyo. Mtu anayesubiri treni za hapa wakati wa baridi bila kununa ana malezi mazuri.

Mwaka huu wakaalikwa kuimba kwenye sherehe ya mtaa, kwenye nyasi kando ya ziwa. Waandaaji wakataka maneno ya nyimbo kwa Kiswidi, yatokee kwenye skrini kubwa nyuma ya jukwaa, ili na majirani wasiojua Kiswahili waelewe. Kazi ikaniangukia mimi. Niliifanya kwa mbwembwe zote.

Kiswahili chetu kina heshima zake. Mtu akija, anakuja. Akinuna, ananuna. Hakuna anayeuliza kama ni wa kike au wa kiume mpaka mwenyewe utake kusema. Kiswidi hakina subira hiyo, kinataka kujua tangu mlangoni: kama ni mwanamke utasema hon, kama ni mwanamume utasema han. Nikaandika hon kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Hon ananisubiri, hon hanuni, hon ananicheka. Nikamkabidhi mwanangu karatasi, nikarudi kwenye maharage yangu.

Akasoma amesimama, koti bado mwilini. "Mama, umefasiri vizuri sana," akasema. "Ila hapa ulipoandika hon, badilisha. Ni han."

Nilikasirika, tena nilikasirika kiualimu. Nikamweleza kwamba kiambishi a- hakibagui, kwamba mfasiri akikosa alama kwenye neno huangalia muktadha, na kwamba muktadha hapa ni wimbo wa mapenzi. Nikamuuliza kama siku hizi anafundisha yeye. Nilikuwa nimeshika mwiko na nautumia kusisitiza.

"Muktadha naujua, Mama," akasema polepole. "Ninayesubiriwa ni mimi."

Nyuma yangu maharage yalikuwa yanashika chini, naisikia harufu, na sikuweza kugeuka. Aibu sikuiona, nilitafuta nikaikosa, lakini hofu ilikuwepo tele: watu watamfanya nini mwanangu. Halafu, sijui kwa nini, swali la kwanza lililonitoka lilikuwa: "Anakula samaki?"

Mwanangu akacheka mpaka machozi yakamtoka, au yalianza machozi kikaja kicheko, sikufuatilia. Akasema anakula samaki sana, na ni Mrundi kweli, na si mwembamba hata kidogo. Nikamkumbatia na mwiko wangu, nikamchafua koti lote.

Tulipokwisha kutulia, nikajifanya mjanja. Waswidi wana neno la tatu siku hizi, hen, lisilosema mke wala mume, karibu sawa na letu. Nikamwambia tuandike hen, tumalize, kila mtu asome anachotaka.

"Ana ndevu, Mama," akasema. "Hen itazinyoa." Kisha akaacha utani. "Kwa Kiswahili sikumficha mtu. Ni lugha tu haikuuliza. Hapa tumeulizwa. Nikiandika hen, nitakuwa nimejificha kwa mkono wangu mwenyewe."

Nikachukua kalamu nikabadilisha moja moja, naye anaangalia juu ya bega langu. Ndipo akaniambia kilichokuwa kinamla. Hakuwa anamwogopa mshabiki wala shekhe wala mchungaji. Alikuwa anamwogopa mwenzake, yule wa baiskeli moja, ambaye tangu walipoanza amekuwa akiimba ule mstari sentimita chache kutoka sikioni mwake. Kila ukifika, mwanangu huinama kunywa maji. Nilikuwa nimeona maji hayo mara nyingi, nikadhani ni koo. "Asiponitaka tena jukwaani, naacha," akasema. "Peke yangu siwezi kuimba. Sijawahi."

Akaenda kumwambia kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, siku ambayo zamu zao za kufua zilifuatana. Mwenzake alisikiliza, akazima mashine, akatoa nguo zake zikiwa bado zinachuruzika, akaondoka nazo. Ngazi nzima ililowa. Baada ya hapo simu hapokei, ujumbe hajibu, na sherehe inakaribia. Mwanangu alikonda mbele ya macho yangu, na mimi mtoto wangu akikosa kula naanza kutafuta wa kugombana naye.

Nilimpata kwa urahisi kwa sababu mwenzake alikuja mwenyewe, siku mwanangu yuko kazini. Akaamkia, "Shikamoo, anti," akakaa kwenye kiti chake cha siku zote. Nikamwekea chai. Nikamwacha anywe kidogo, kwa sababu hata ugomvi una adabu zake.

"Alltså, anti," akaanza na ile "yaani" ya Kiswidi, "mimi simchukii. Yeye ni brother yangu. Lakini lile neno ni mchezo tu, halimaanishi kitu. Kila rapa analitumia."

"Wanafunzi wangu wananiambia siku hizi wapo marapa wanaopenda wanaume na wanasema wazi, na watu wananunua tiketi," nikamwambia. "Kwa hiyo si kila rapa. Halafu neno lenyewe umeliiba. Mama yako ni nani kwangu?"

"Rafiki yako."

"Ni shoga yangu. Wanawake wa pwani tuliitana hivyo kabla hujazaliwa. Nikimpigia simu nasema, shoga, umekula? Shoga, umelala vipi? Sasa wewe unamtangaza mama yako kila Jumamosi kama tusi, na umati unakushangilia."

Alitaka kucheka, akajizuia, chai ikampalia. Nikampiga mgongoni, labda kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alipopata pumzi akaniambia ukweli, akiangalia kikombe. "Nikibaki naye, watasema na mimi pia."

Hapo hasira zikaniisha. Alikuwa kijana mzuri mwenye woga, basi. Nikamwambia, "Watasema. Sasa chagua, useme wewe au waseme wao." Akamaliza chai, akaosha kikombe, akaondoka.

Siku ya sherehe kulikuwa na jua la kiangazi lisilojua kwenda kulala. Shoga yangu alikuja amejipamba, na mkobani ana ile leso ya zambarau, maana alitumaini kwamba mtu wa Väsby atajitokeza. Nilikuwa sijamwambia kitu. Haikuwa siri yangu, na mwanae naye hakuwa amefungua mdomo nyumbani. Tukakaa mbele kabisa, kwenye viti vyetu vya kukunja.

Mwanangu akapanda jukwaani peke yake. Nikahesabu maikrofoni, zilikuwa mbili. Ukaanza wimbo wa mapenzi, watu wakaitikia kama kawaida yao, na nyuma yake maneno yangu yakawaka makubwa kama milango: han, han, han. Kwanza waligundua watoto, wale wanaosoma Kiswidi haraka kuliko tunavyopumua. Kisha mnong'ono ukapita kwenye viti.

"Wamekosea kuandika," shoga yangu akasema.

"Hawakukosea. Nimeandika mimi."

Akaangalia skrini. Akamwangalia mwanangu. Akaniangalia mimi, kwa muda mrefu, na nilihisi baridi katikati ya jua lile, kwa sababu yeye nikimpoteza simpati mwingine. "Ulijua," akasema, "na hukuniambia. Mimi. Nimeweka leso kabatini mwaka mzima huu, umeniacha tu."

"Nisamehe, shoga."

Akanuna mpaka ubeti wa pili ukaisha. Kisha akafunga mkoba. "Basi itabidi kikoi," akasema. "Na ninakuonya, cha Mombasa, si cha kwenu Tanga."

Nilimshika mkono nikaubana. Wakati huo huo midundo ikabadilika, ikaingia ile ya majigambo, na mwanae akatoka pembeni akapanda jukwaani mbio, kofia nyuma mbele, akasimama bega kwa bega na mwanangu. Hakumwangalia. Aliimba vizuri, kwa hasira, na mimi nilikuwa nasubiri mahali pamoja tu. Pakafika. "Mnajidai kuogelea, kumbe mnaoga," akasema, "tukipanda jukwaani twasimama wawili, bila..." Akatuelekezea maikrofoni.

Alikuwa amebadilisha. Neno lililotakiwa lilikuwa woga. Lakini umati ulikuwa umezoea, hausikilizi, ukamwaga lile la zamani. Wengine waliligundua kosa wakashika midomo. Kisha kijana mmoja nyuma, na huyu hakukosea, akainuka akanyoosha kidole kwa mwanangu, akalirudia peke yake, safari hii la mtu mmoja, kwa sauti ya kukata: "Shoga!"

Muziki ukasimama. Mwanangu akawa kama amemwagiwa maji.

"Abee!" akaitika shoga yangu.

Alikuwa amesimama kwenye nyasi, mkoba kwapani, amegeukia nyuma anamtafuta aliyemwita. "Nimeitwa," akasema, "nani ananiita?" Kutoka upande wa wanawake wa Tanga na Zanzibar mwingine akaitika abee, na mwingine, na mama mmoja mzee akasema na yeye amesikia akiitwa, kuna nini, chakula tayari? Kicheko kikaanza kwa wanawake kikasambaa mpaka kwa watu wasiojua hata neno moja la Kiswahili. Yule kijana akaketi.

"Mama," mwanae akasema kwenye maikrofoni, "si wewe."

"Basi asiite watu asiowataka."

Mwanae alikuwa ameinama, mkono mmoja gotini, anacheka hawezi kuimba, wa pili amemshika mwanangu fulana asianguke. Midundo ikarudi. Ubeti ulikuwa wake, na kila mara alipofungua mdomo kikamtoka kicheko kingine. Basi mwanangu akauchukua ule mstari, ambao hakuwahi kuuimba hata siku moja, akausema wote kuanzia mwanzo, taratibu kama anafundisha darasa. Alipofika mwisho akageukia upande wetu. Tukamjibu woga, hata yule mama mzee, nami nikajibu kwa nguvu kuliko wote, nikilia bila kujificha.