Dada wa Kihonda alivyoipanga upya website ya wakulima wetu Mgeta

Wakuu, heshima zenu. Hili nimelishuhudia kwa macho yangu, siongezi chumvi.

Mimi ni mkulima wa mboga Mgeta. Kikundi chetu kilitengenezewa website ili hoteli za Dar zinunue kwetu moja kwa moja.

Tatizo, ilikuwa shaghalabaghala.

Picha zote juu, majina katikati, namba za simu chini kabisa. Mteja anataka stroberi, anampigia Mama Salome anayelima koliflawa tu. Wengi hawakurudi.

Msimu huu koliflawa ya Mama Salome ikakomaa, na dalali akawa anatoa bei ya kutupa, akijua mama hana pa kuipeleka. Na koliflawa haisubiri wakuu, ikishachanua basi tena.

Nikamfuata Neema, dada anayetengeneza website kule mjini, Kihonda. Nilidhani ataniambia nimtumie picha WhatsApp.

Akasema, "Napanda huko huko. Nataka kuwaona wenye website."

Akaja na lori la mboga lililokuwa linarudi tupu.

Alipofika akampa Mama Salome shikamoo, kisha akampa simu. "Mama, naomba unitafutie njegere humo."

Mama akapandisha, akashusha, mpaka kidole kikachoka. "Mwanangu, mie nimeshapotea."

"Hujapotea mama. Ukurasa ndio haujapangwa."

Wakuu, mama alikaa vizuri kwenye kigoda, uso ukafunguka.

Neema akaigawa page kwa section, akifuata maswali ya mnunuzi: leo kuna nini, nani anacho, mzigo unafikaje Dar. Section ya wakulima akaipanga kwa safu za kusimama, ubavu kwa ubavu.

Mimi na kimbelembele changu nikamwambia aweke safu tano, page iwe fupi. Hakubishana. Akaziweka, akanionyesha. Maandishi membamba kama uzi, namba za simu zimekatika vipande. Nikaomba mwenyewe azitoe 😂

Akabakiza safu tatu kwa wanaotumia kompyuta. Kwenye simu zinashuka, moja chini ya nyingine.

Tulipojaribu, zikashuka vibaya: picha zote, halafu majina yote, halafu namba. Yale yale!

Mvua inanyesha, network inakata. Mimi ningesema inatosha. Yeye akaomba koti, akapanda kilimani kunakoshika network, akaanza upya. Safari hii kila mkulima akawa na boksi lake: picha, jina, zao, namba. Boksi likisogea, vyote vinasogea pamoja.

Akarudi amelowa chapachapa. Akampa mama simu. "Haya mama, njegere."

Mama akagusa kidogo tu, akacheka. "Si huyu hapa jirani yangu!"

Tukawatumia link wateja wote wa zamani. Kesho yake simu ya Mama Salome ikaita, mpishi wa hoteli moja Dar. Nikamsikia mama akijibu kwa sauti ya mtu mwenye mali yake:

"Ndiyo, koliflawa ni yangu. Na huyo kwenye picha ndiye mimi."

Dalali alipokuja kuchukua jibu, alikuta shamba limeshavunwa.

Nilichojifunza: kabla ya kupanga section na safu, mkabidhi simu mtu wa kawaida, ukae kimya umtazame anavyohangaika.

Mafundi wa website humu, nyie huwa mnaanzia wapi? Shusheni maoni. Na mwenye hoteli asione haya, karoti zipo.