Biskuti Ngumu za Avelina

Mwaka 2018, kwenye vikao vya harusi ya Angel hapa ughaibuni, Carrollton, Avelina ndiye aliyegawa vitafunio, na hakugawa ovyo. Alikuwa nesi, mtundu, asiye na subira na wanaume wenye hotuba. Alikuja na biskuti za mchele za Kijapani: nyepesi zinazoyeyuka mdomoni, na nene zilizopakwa sosi ya soya, ngumu kama kigae. Nyepesi alitupa sisi tunaosema machache. Nene zilikuwa za mwenyekiti wetu, Wilbroad, ambaye salamu zake tu zinachosha kuliko zamu ya usiku.

Wilbroad alipojikohoza tu, Avelina alikuwa keshafika na sahani. "Karibu, kaka."

Wilbroad aling'ata. Mlio ulijaa sebule nzima, hotuba ikakatika, na kabla hajamaliza kutafuna tulikuwa tumeshapitisha ukumbi, keki na sare.

Jumamosi moja Wilbroad akamuuliza kwa upole wa kutia shaka, "Dada, hivi hizi zinaliwaje hasa?"

Weee! Avelina akaweka sahani chini. Usiichovye kwenye chai kama andazi. Ivunje ingali ndani ya pakiti. Kipande kikae ulimini mpaka soya ikolee, ndipo utafune, ushushie na chai isiyo na sukari. Akahamia kwenye mchele wenyewe, kisha moto wa kuokea, kisha mwani wa kuzifungia. Chai yetu ikapoa.

Wilbroad akachagua iliyo nene kuliko zote, akainuka, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu, dada."