Mahali Nilipomchagulia Bibi wa Kidachi

Watu wa siku hizi wakisikia nilikuwa mpishi wa Mdachi huniuliza kwanza kama nilipigwa. Nilipigwa, ndiyo, na nani hakupigwa? Hilo si la kukaa kulisimulia. Linaloniuma mimi ni jambo jingine kabisa, na siku hiyo hakuna aliyenigusa wala kunikaripia. Niliulizwa tu, kwa upole, tusafiri wapi. Nikajibu.

Ulikuwa mwisho wa kiangazi, reli ikiwa imeshafika Moshi. Bwana wangu alikuwa na shamba la kahawa upande wa Sekei, na mimi na mke wangu tulikaa kwenye kibanda nyuma ya jiko lake. Alasiri moja akatokea dada yangu mdogo, vumbi hadi magotini, ametoka kwetu mlimani juu ya Usa tangu alfajiri. Hata maji hakuomba.

"Kaka, baba anakuita," akasema. "Miguu imekufa, hatembei tena. Anasema uje kabla mito haijajaa."

Nilikaa juu ya kuni nilizokuwa nikipasua. Miaka minne baba hakuwa amelitaja jina langu. Siku nilipoaga kwenda kumpikia Mdachi alinigeuzia mgongo, na kwetu mzee akikugeuzia mgongo bila kukutemea pombe kifuani, basi umeondoka bila radhi yake. Mimi nilicheka. Nilikuwa kijana, nimevaa kanzu nyeupe ya kwanza maishani mwangu, nikajiona nimeumaliza ulimwengu. Baadaye nikazika mtoto. Mwaka uliofuata nikazika wa pili. Sikucheka tena.

Mke wangu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Hakunilaumu hata siku moja, ila kila akimwona mtu ametoka kwetu alikuwa akiuliza, "Baba mkwe hajasema kitu?" Nilijua anachouliza. Kwa hiyo dada aliponiletea wito ule, mimi sikusikia habari za mzee mgonjwa peke yake. Nilisikia habari za mtoto aliyekuwa tumboni.

Jioni ileile nikaenda kuomba ruhusa. Siku tatu tu, nikasema, baba yangu ni mgonjwa. Bwana alikuwa anasafisha bunduki, hakuinua hata macho.

"Baada ya safari," akasema.

"Bwana, baada ya safari itakuwa masika. Mito haivukiki."

"Nimesema baada ya safari."

Mtaniambia ningetoroka. Thubutu! Mtumishi aliyetoroka alisakwa na askari wa boma, na akirudishwa ni hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na tano, kisha mnyororo wa shingoni miezi sita. Aliye kwenye mnyororo haendi kumwona baba yake. Nilimwambia dada arudi akaseme nakuja, na sikujua nitakujaje.

Sasa hiyo safari yenyewe. Bibi wa bwana alikuwa mwanamke mwembamba, mpole, mwenye kuugua homa mara kwa mara, na kila ukifika mwezi wa tatu alishikwa na huzuni. Kwao, alinieleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, mwezi huo "barafu nakufa, maua natoka", na watu hufunga mizigo wakaenda kutembea, furaha tupu. Sisi mwezi wa tatu tunaangalia mawingu na kuezeka nyumba. Ila yeye aliutaka mwezi wa tatu wa kwao, na bwana alikuwa amemwahidi siku kumi za kulala hemani.

Tatizo ni mahali. Siku tatu walibishana barazani, ramani imetandazwa juu ya meza yangu niliyotaka kuandalia chakula. Bwana alitaka kwenda magharibi, apite Ngarenaro, apinde kaskazini, ashike mbuga za Longido akawinde. Bibi alitaka kwenda Moshi kupanda treni, ashuke nayo mpaka milima ya Usambara, kwa sababu alisikia kuna baridi kama ya kwao. Mimi niliingia na kutoka na vyombo, masikio yamenisimama. Longido ni mbali na kwetu. Usambara ndiyo usiseme.

Siku ya tatu bibi akachoka kubishana. Nilikuwa nammiminia chai. Akanigeukia.

"Wewe mtu ya hapa. Wapi maua mingi mwezi hii?"

Nilimimina mpaka chai ikamwagika kwenye kisahani. Njia ya kwenda maziwani, nyuma ya mlima, inaanzia Usa. Chini kabisa ya kwetu.

"Maziwani, bibi," nikasema. "Momela. Maua yamejaa tele, na ndege wekundu, elfu kwa elfu."

Ndege walikuwa kweli. Maua sikupata kuyaona. Nilifika huko mara moja tu, kijana, nikaona tope, nyati, na maji machungu yasiyonyweka.

"Na Longido?" bwana akauliza, ananikazia macho.

"Visima vimekauka, bwana. Wanyama wamehama."

"Na njia ya Moshi?"

"Kikatiti kuna ndui, bwana."

Loo! Mpaka leo nashangaa ulimi ule ulitoka wapi. Kikatiti hakukuwa na ndui wala kikohozi. Bibi alishika shingo yake kwa hofu. Lakini bwana hakuwa mjinga. Akaamuru aitwe mnyapara wa wapagazi, mzee wa Kinyamwezi aliyezijua njia zote za nchi hii kwa nyayo zake. Nikasimama pale na birika. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu niliiona imeishia kwenye ngazi za baraza ile.

Mnyapara alisikiliza maswali yote. Akanitazama mimi, si kwa muda mrefu.

"Sijapita huko mwezi huu, bwana," akasema. "Mpishi ndiye mwenyeji. Anayosema yeye ni hayo."

Aliponifuata jikoni alinishika kanzu kifuani. "Mimi nimetoka Longido juzi, na maji nimekunywa. Kuna nini huko Momela?"

Nikamweleza yote: baba, radhi, watoto wawili, mimba. Aliiachia kanzu yangu. Halafu akasema, "Kwa hiyo unampeleka Mdachi kwa baba yako."

"Simpeleki kwa baba! Wao watapiga hema Usa barabarani. Mimi nitapanda alfajiri, naomba radhi yangu, narudi kabla chai haijachemka."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye mwenyeji." Alilisema neno lile kwa namna ambayo sikuipenda, nikamwambia aniondokee jikoni.

Tuliondoka kama jeshi. Wapagazi thelathini, askari wawili wenye bunduki, bwana juu ya farasi, bibi kwenye machela. Mlima ulikuwa umejifunika tangu asubuhi, na upande wa juu ngurumo zilisikika chinichini. Kila tulipovuka kijito niliangalia maji kama yamebadilika rangi. Bado yalikuwa meupe. Nilimwomba Mungu ayazuie siku moja zaidi, moja tu, na kila wapagazi walipoketi kupumzika niliwatukana kimoyomoyo.

Tukalala Usa. Alfajiri nikachukua kibuyu, nikamwambia bwana nakwenda kumtafutia bibi maziwa kwa watu wa juu.

"Juu kuna watu?" akauliza.

"Wapo, bwana."

"Wengi? Wenye nguvu?" Alikuwa anataka vibarua wa palizi ya masika, na wapagazi walitaka ndizi. Akafikiri kidogo, akavuta buti zake. "Tutakwenda wote. Bibi pia ataona nyumba zao."

Hapo ndipo ningeweza kusema lolote. Nilikuwa nimesema ndui, nimesema visima vimekauka. Ningeshindwa kusema njia ni mbovu? Sikusema. Na niwaambie ukweli, kwa sababu nimezeeka na sina wa kumwogopa: moyo wangu ulifurahi. Nilimwona baba, aliyenigeuzia mgongo, anatazama mwanawe akiingia uani na bwana mkubwa nyuma yake, farasi, askari, machela. Niliona mzee atasema, kumbe kijana huyu amekuwa mtu! Shetani gani yule sijui. Nikatangulia mbele.

Hatukufika hata kwenye mfereji wa kwanza, nikasikia yowe. Lilianzia mgongo wa mlima upande wa kushoto, sauti ya mwanamke, likadakwa upande wa pili, likapanda juu. Bibi akauliza kwenye machela, "Wanaimba?"

Mnyapara alikuwa nyuma yangu tu. "Wanaitana," akasema polepole. "Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Kila mtoto wa kwetu alijua, kabla hajajua kuvaa, kwamba ukiona msafara wenye bunduki, unaacha chungu motoni na kukimbia, kwa maana wakikukuta utabebeshwa mzigo, au utakwenda kujenga barabara, na kurudi ni majaliwa. Mimi mwenyewe nilikimbia hivyo mara ngapi, nimeshikwa mkono na baba! Miaka minne ya kula jikoni kwa Mdachi, na jambo lile lilikuwa limenitoka kichwani kama halijapata kuwamo.

Nikaanza kukimbia. Nilisema moyoni, hatembei, hawawezi kumbeba, nitamkuta. Nyumba ya kwanza tupu. Ya pili tupu, ndama amefungwa, analia. Nikaingia uani kwetu. Moto ulikuwa unawaka, ndizi zinatokota. Nikainama nikaingia ndani, nikapapasa mahali anapolala baba. Ngozi aliyolalia bado ilikuwa na joto.

Nikatoka nje nikasimama kuielekea migomba. Migomba ya kwetu imesongamana, hatua kumi tu humwoni mtu. Nikaita kwa Kimeru, kwa nguvu zangu zote, "Baba! Ni mimi! Ni mimi mwanao, tokeni!"

Kimya. Hata kuku hawakulia. Nikaita dada. Nikaita tena baba, sauti ikanikatika, nikaanza kulia kama mtoto mdogo, mbele ya askari, mbele ya kila mtu. Nilitaka kuingia migombani kumtafuta, mguu ukasita. Askari walikuwa tayari wamefika uani na bunduki mkononi. Nikiingia wataingia na mimi.

Bwana alikuja, akatazama uani, akasonya. "Hakuna watu," akasema, kama vile ni mimi niliyewaficha. Wapagazi walishaanza kukata mikungu ya ndizi ya baba yangu. Bibi alishuka kwenye machela, akaona kando ya mfereji maua fulani mekundu ya mwituni, madogo tu, sisi hatukuyahesabu kuwa kitu. Akafurahi. Akachuma mkono ukajaa, akaniambia asante, kumbe nilisema kweli, maua yapo.

Ndipo mvua ikaanza. Si manyunyu, masika yenyewe, yakishuka kutoka juu kwa kishindo, migomba yote ikapiga kelele. Bwana akaamuru turudi chini haraka. Nilikwenda nyuma kabisa, nikigeuka kila hatua chache. Momela hatukufika. Siku mbili tukalala kwenye mahema yaliyolowa, bibi akapata homa yake, tukarudi Sekei tukivuka mito maji yakitufika kifuani. Nyuma yetu njia ikafungwa.

Wiki kumi sikusikia neno kutoka kwetu. Nilipika, niliandaa, nilikosea chumvi. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, "Ulimwona?" Nikamwambia hapana, walikuwa wamekimbia, lakini mvua ikikatika nitapanda peke yangu. Tumbo lilizidi kuwa kubwa. Alikuwa amekwishaanza kutembea ameshika kiuno.

Mvua ilipopungua alikuja dada. Safari hii alikaa. Nilimwona kichwa kimenyolewa, nikajua, nikakaa na mimi.

"Lini?" nikauliza.

"Siku ileile. Jioni, bado tumejificha, tuliogopa mngerudi. Alilowa sana."

Nikamwuliza walikuwa wapi. Akasema migombani, nyuma ya nyumba, yeye na baba. Alikuwa amembeba mgongoni, wakajilaza kwenye mfereji mkavu. Dada aliiona miguu yangu. Alinisikia nikiita jina lake.

"Nilifungua mdomo nikuitikie, kaka. Wallahi nilifungua. Baba akaniziba kwa kiganja. Akaniuliza sikioni, 'Yuko na nani?' Nikamwambia Wadachi, na bunduki. Akasema, 'Basi ndiye aliyewaleta.'"

Nilitaka kusema sikuwaleta. Lakini mnyapara alikuwa amenionya hivyohivyo jikoni palepale, na mimi nikamfukuza.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono juu ya tumbo, sikujua kama amesikia yote. Akamwuliza dada, sauti ndogo, "Mwishoni hakuacha neno? Hata moja, kwa huyu mtoto?"

Dada alijipangusa mdomo kwa kiganja.

"Hakusema tena," akasema. "Mpaka anakata roho alikuwa bado ameniziba mdomo."