Meno ya Juu ya Cadette

Cadette alivuka mupaka mbele ya kuzaliwa. Alikuwa tumboni, miezi saba, wakati Angèle mama yake alikimbia vita ya Pweto na kufika huku Kabuta, upande wa Zambia, na sahani mbili na radio yenye haikusema tena. Mi Berthe nilikuwa nimemutangulia. Tulijenga nyumba mbili, mulango ukiangalia mulango, ndiyo maana hii habari naijua yote, hata pale singependa kuijua.

Alizaliwa bila taabu. Miezi tatu akakaza shingo, miezi sita akakaa peke yake na kuchekea kila mutu, hata mbuzi. Angèle alijivuna sana. Halafu mwezi wa saba, asubuhi moja, akaniita ndani, akafunga mulango, akainua mudomo ya mutoto na kidole. Meno mbili ndogo, nyeupe. Za juu. Chini hakukuwa kitu.

Huku kando ya ziwa Mweru, mutoto mwenye kuota meno ya juu kwanza anaitwa chinkula. Batu banasema kila jino yake ikianguka, mutu mumoja wa jamaa anakufa. Zamani, mutoto wa vile hakulelewa. Siku hizi analelewa, mais hakuna mama anapenda batoto bake bacheze naye. Kwetu na Angèle, kule Kongo, banaogopa kitu ile ile.

"Mama Berthe, ukisema, nimekufa," akaniambia.

Sikusema. Mi niko na mudomo murefu, soko yote ya Kashikishi inajua, mais hiyo nilimeza.

Angèle akaanza kumufunika. Kitenge juu ya kichwa, jua ao mvua. Siku ya sikelo, pale batoto banapimwa kilo na kuchomwa sindano, hakwenda. Bamama kwenye mustari banapokezana batoto, banabachekesha, na mutoto akicheka mudomo inafunguka. Angèle alingoja meno ya chini itoke. Ilitoka mwezi wa kumi na moja. Surua ilitangulia. Cadette alipona, mais jicho yake ya kushoto ilibakia na ukungu mupaka leo. Nilimukasirikia Angèle, na nilijikasirikia mi mwenyewe zaidi, juu nilijua na nikanyamaza.

Bon. Akatembea, akasema: Kiswahili nyumbani, Kibemba inje. Kwenye miaka sita, jino ya kwanza ikaangukia ndani ya bukari, ugali yetu, akiwa anakula. Ile wiki Albert, baba yake, akafa na malaria. Malaria ilikuwa imelaza nusu ya Kabuta, na Albert alikuwa mutu wa kukataa dawa. Mais pa matanga nilimuona Angèle anamuangalia mutoto, na mutoto akaona namna anaangaliwa. Mutoto wa miaka sita si mujinga.

Tangu pale, jino ikilegea, Cadette alitafuna na upande mumoja, akaishikilia na ulimi wiki muzima. Siku moja nilimukuta amejifunga taya na kitambaa. Nikamuambia, "Sha, bukari utakulia masikio?" Hakucheka.

Akavunja ungo kwenye miaka kumi na ine. Tulimuingiza ndani, bamama batatu, kumufundisha mambo ya banamuke. Siku ya mwisho, mwenzetu alipotoka, Angèle akamuambia yote: meno, kitenge, sikelo, surua.

"Nilikupenda," akasema, "na nilikuogopa, mutoto wangu."

Cadette akauliza kitu moja tu: "Jicho yangu, iliharibika juu ya meno, ao juu ya woga?"

Angèle akamupangusa ile jicho na ncha ya kitenge.

Sasa Cadette iko na miaka makumi mbili na tano. Ni volontaire wa sikelo, anajitolea. Anapima batoto, anaandika kilo, na pale hana mutoto wa kupima anauza chisense, dagaa ya ziwa, pamoja na miye. Fanwell, fundi wa baiskeli, alishatuma wazee kumuomba. Mable, mama yake Fanwell, ndiye anapanga mustari siku ya sikelo. Kila kitu ilikuwa inaenda muzuri.

Mwezi uliopita, Katongo, binti wa jirani, alipita mbele ya sikelo na mutoto mugongoni, kitenge juu ya kichwa. Ilikuwa mara ya tatu anapita bila kusimama. Cadette akatoka, akamushika mukono.

"Iko na miezi ngapi?"

"Tisa. Iko na mafua, dada. Nitakuja siku ingine."

Cadette aliangalia ile kitenge. Angeweza kumuacha aende. Mi, kwenye mustari, nilimuomba na macho amuache. Halafu akasema kwa Kibemba, sauti ya kawaida, mbele ya bamama bote, kwamba yeye pia aliota meno ya juu kwanza, kwamba mama yake alimuficha vile vile, na kwamba jicho yake ni bei ya kufichwa. "Mulete hapa achomwe sindano," akasema.

Katongo akalia. Akafungua kitenge, akamutoa mutoto.

Mama wa mbele akafunga mutoto wake mugongoni, akaenda. Mwingine akamufuata. Mable akakunja karatasi yenye majina, akaiweka pa kiti, akaenda bila kumuangalia Cadette. Ndoa iliisha pale, na wa kwanza kuijua alikuwa Cadette mwenyewe. Alimaliza kuandika kilo ya mutoto wa Katongo, akamupeleka kwa muganga wa sindano, akarudi.

"Mwenye kufuata," akasema.

Alikuwa miye. Nilikuwa na mujukuu wangu wa miezi ine, hana jino hata moja. Nitasema kweli, sababu hapa hakuna wa kunipiga: nilimukaza mutoto pa kifua. Nilimuogopa Cadette, mutoto nimemujua tangu tumboni. Alinyoosha mikono na akangoja, na aliona kwamba ninaogopa.

Nilimupa mutoto. Mais nilikawia, na yeye alihesabu ile kukawia.