Shoka la Mfupa Kutoka Isinya

Siku yangu ya kwanza kazini, makumbusho ya Nairobi, Mkuu wa Uhifadhi alinikabidhi brashi laini na chungu kilichovunjika vipande. "Hapa hatufanyi kitu kiwe kipya, Mutheu," akaniambia. "Tunakizuia kisizidi kuharibika." Nilikuwa msichana wa Machakos niliyedhani watu wa makumbusho hufuta vumbi tu. Nilianza na vyungu, nikaja kwa mawe, mwishowe mifupa. Mifupa ndiyo kazi ngumu, maana mfupa uliokaa ardhini muda mrefu hupasuka ukikauka haraka.

Baadaye nilihamishiwa makumbusho ya Kajiado, nikapanga nyumba Kitengela. Nikiwa huko tukapata simu ya Nashipae, mfugaji wa upande wa Isinya. Vibarua wake walikuwa wakichimba bwawa la kunyweshea ng'ombe.

"Niko na mfupa hapa kubwa kama mguu ya meza," alisema. "Nimewaambia wasiguse."

Mkuu alikuja kutoka Nairobi, tukaenda pamoja. Alipiga magoti shimoni, akapuliza udongo. Kisha akaniita kwa sauti ya chini. Ulikuwa mfupa wa ndovu, umechongwa pande zote mbili hadi ukapata ncha na makali. Lilikuwa shoka la mkono, chombo cha watu walioishi kabla ya chuma kujulikana. Ya mawe nilikuwa nimeyashika mengi. La mfupa, hata Mkuu na mvi zake hakuwahi kuligusa.

Lakini jua lilikuwa kali, na ufa mwembamba ulikuwa ukitembea kwenye mfupa huku tukiutazama. Juu yetu mawingu yalikuwa yakijikusanya.

"Mvua ikiingia hapa?" nikauliza.

"Utabomoka kama mkate kwa chai. Tunautoa leo."

Nashipae alivua shuka lake, akautilia mfupa kivuli. Tulipiga picha, tukapima mahali ulipolala, tukaufunika kwa karatasi laini zilizoloweshwa, kisha tukauzungushia bendeji za plasta, kama daktari anavyofunga mguu uliovunjika. Plasta ikaanza kushika, na matone nayo yakaanza. Majirani wakakimbia na turubai, wakalishikilia juu ya vichwa vyetu.

Plasta ikishika hupata joto. Nashipae aliweka kiganja juu yake, akanitazama. "Mama, imekuwa moto."

"Basi tuinue."

Shoka lilitoka zima. Mkuu, mtu wa maneno machache, alicheka hadi akafuta machozi.

Kwenye maabara nililidondoshea gundi nyepesi, tone baada ya tone, ikanywewa na mfupa hadi ufa ukatulia. Kila asubuhi nilifika kazini karibu nikikimbia. Kisha likaja swali la mahali pa kuliweka. Mkuu alitaka Nairobi. Nashipae akaja ofisini, akatusalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, Mkuu. Mimi nilisimamisha bwawa yangu ndio mchimbe vizuri. Watoto wa hapa wataiona wapi?"

Mkuu alinigeukia. "Unaweza kulitunza Kajiado?"

"Nikipata kabati la kioo lisiloingiza unyevu, naweza."

Kabati lilipatikana. Siku ya kufungua, Nashipae alikuja na wajukuu, akawaonyesha ncha ya shoka kupitia kioo. "Huyu mtu alikuwa fundi," akasema. "Na alikuwa anatembea hapa kwetu."

Sasa nimestaafu. Vijana mnaoingia kazi hii mjue kwamba kibao kando ya kioo kitataja mfupa, mahali na umri wake. Jina lenu halitakuwapo. Ukifanya kazi vizuri, mgeni hataiona gundi yako kabisa. Nami sijawahi kuona ubaya wa hilo. Nimeshika kitu ambacho hakuna mkono uliokishika tangu mwenyewe alipokiweka chini, na furaha ile bado ninayo.

Juzi mhifadhi aliyechukua nafasi yangu alinipigia simu. Mkulima wa nyanya huko Loitokitok alikuwa akilima akagonga bakuli la jiwe, zima. "Mama, najua umepumzika," akaanza kusema.

Nilikuwa tayari natafuta viatu.