Draiva yangu ilininyima mke

Wenzangu, nimekosa, na kosa ni la kichwa changu kigumu!

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kafe za intaneti zimefika hadi Masasi. Mimi nilikuwa fundi wa kafe moja pale Mkomaindo. Bosi alileta swichi ya mtumba, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta zote. Unaweza kukiamuru kimpe nani zaidi, ila draiva, yaani programu ya kukiongozea kutoka kwenye kompyuta kuu, haikuwepo. Nikaiandika mwenyewe!

Somoe, fundi mwenzangu, aliniambia, "Kaka, iache nje, iwe programu ya kawaida. Ikifa unaiwasha tena. Ukiiingiza kwenye kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta, ikifa inakufa na mashine nzima."

Nikamcheka, nikaiingiza humo humo. Eti kwenye kiini ina kasi! Jamani, kasi ya kwenda wapi?

Basi siku hiyo akaja Mama Hadija kutoka Newala. Nilikuwa nimemposa Hadija, na mjomba wake, mwenye kauli ya mwisho, yuko Dar. Wakawa wanaandikiana kwenye kompyuta. Mjomba akaandika, "Huyo kijana yupo? Anisalimie."

Mtandao ulikuwa unajikokota. Nikataka kujionyesha mbele ya mama mkwe. "Mama, ngoja nikupe mtandao wote peke yako!" Nikaiamuru swichi kupitia draiva yangu, nikakosea namba moja tu.

Draiva ikafa. Mashine kuu ikaganda, kafe nzima kimya!

"Baba, mbona kimekufa hiki?" Mama Hadija akauliza. "Si umsalimie mjomba?"

Nisalimie kwa kutumia nini? Ningemsikiliza Somoe, ningewasha kiprogramu kimoja na kuendelea. Mashine ile kuukuu ilichukua karibu saa nzima kuamka.

Tuliporudi mtandaoni tukakuta ujumbe wa mjomba: "Nimesubiri salamu, kimya. Mpwa wangu haendi kwa mtu asiyesalimia."

Nililia, sifichi! Nikamwandikia mjomba barua ya kurasa nne nikimweleza habari za draiva na kiini. Akajibu kwa mistari miwili: "Barua yako sijaielewa. Tena nayo haina shikamoo."

Hadija ameolewa Ndanda.

Ndugu zangu mnaoshika kompyuta, kitu mnachokichezea kila siku kiacheni nje ya kiini, kianguke peke yake. Na mkimwandikia mjomba wa mtu, nawasihi, shikamoo kwanza!